Kumtumikia Mungu kwa Kazi ya Mikono Yako na Maisha Uliyopitia: Mwongozo Kamili kwa Mkristo wa Mwanza na Visiwani

Simama mlangoni mwa kanisa lolote kule Buhongwa, Igoma au Pasiansi wakati watu wanatoka ibadani. Utapishana na fundi wa injini za boti, mwalimu mstaafu, mama anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba, kijana wa bodaboda, muuguzi aliyetoka zamu ya usiku Bugando, na bibi anayejua Kisukuma cha ndani ambacho wajukuu zake hawakijui tena. Waulize wanatumika wapi kanisani. Wachache watataja kwaya, wachache uzee wa kanisa au ushemasi. Waliobaki watakujibu, "Mimi ni mshirika tu."

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya huyo "mshirika tu". Naamini kwa moyo wote kwamba makanisa yetu ya Kanda ya Ziwa yamekalia hazina kubwa bila kuitumia, kwa kuwa tumezoea kuita huduma kile kinachofanyika mbele ya kipaza sauti. Asiyejua kuimba wala kuhubiri anajiona hana karama, huku mikono yake ikifanya kazi ambayo jirani anaihitaji leo jioni.

Msingi wake katika Maandiko, na katika historia ya ziwa hili

Soma Kutoka 31. Mtu ambaye Mungu anamtaja kwa jina kwamba amemjaza Roho pale ni Bezaleli, fundi wa dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao. Soma pia Matendo 9, habari za Dorkasi wa Yafa. Alipokufa, wajane walisimama wakilia na kumwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea. Hakuna hotuba yake hata moja iliyoandikwa, lakini mji mzima ulijua alichokifanya. Paulo naye alishona mahema pamoja na Akila na Prisila kule Korintho, na injili ikaenda kwa mikono hiyohiyo.

Historia ya ziwa letu nayo ina mfano wake. Mwaka 1878 Alexander Mackay, mhandisi kutoka Scotland, alifika Kageye, upande wa kusini mwa ziwa. Hakuwa mchungaji wala padre. Alikuta mashua ya misheni imeharibika, akaitengeneza, akavuka hadi Buganda. Huko alifundisha kazi za mikono na kuchapisha sehemu za Injili kwa Kiganda. Alipofukuzwa Buganda mwaka 1887 alirudi upande huu wa kusini, Usambiro, akaendelea kutafsiri na kuchapa hadi alipofariki kwa homa Februari 1890. Ujuzi wa chuma na mbao aliosomea kwao ndio aliokuja kumtumikia nao Mungu hapa.

Hatua ya kwanza: andika ulicho nacho

Chukua daftari la kawaida, tenga kurasa tatu, na usizijaze kwa siku moja.

Ukurasa wa kwanza ni wa kazi. Andika kila unachokiweza, hata kama hukukisomea: kushona, kupika chakula cha watu wengi, kusuka nywele, kuchomelea, kusoma mita ya umeme, kutunza hesabu za duka, kuendesha mtumbwi kwenye mawimbi, kuanika dagaa kwenye vichanja wasiingie mchanga. Usijiulize kwanza kama ni ya kiroho. Kipimo kizuri cha kipaji ni hiki: watu huja kwako kuomba nini bila wewe kujitangaza? Kama kila mwenye simu mpya mtaani anakuja umwekee mambo sawa, andika. Kama ndugu wakigombana ndiwe unayeitwa, andika hilo kwa herufi kubwa, maana upatanishi ni karama adimu na kanisa linaihitaji sana.

Usisahau lugha. Ibada zetu za mjini ni za Kiswahili, lakini wako wazee ambao huzuni na sala zao ziko katika Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kihaya. Mtu anayeweza kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa na kusali naye kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake ana kitu ambacho mchungaji mgeni hawezi kukipata kwa kusoma. Anayejua lugha ya alama ndiye kabisa: viziwi wengi hukaa ibada nzima bila kupata neno.

Andika na vitu pia. Musa aliulizwa ana nini mkononi, akajibu kwamba ana fimbo. Katika Luka 5, Petro alikuwa na chombo kilichorudi kitupu baada ya usiku mzima, na Yesu akakiomba akae humo afundishe. Mtumbwi wako, uwanja wa nyumba yako, cherehani iliyofunikwa kitambaa, saa mbili za Alhamisi mchana, vyote ni vya kuandika.

Ukurasa wa pili ni wa mambo uliyopitia. Nitaurudia hapa chini kwa kirefu.

Ukurasa wa tatu ni wa watu unaowafikia bila kutafuta nafasi. Mama lishe wa mwaloni anaongea na wavuvi, wapagazi na madereva wa malori kabla jua halijachomoza. Mchungaji hatawapata watu hao hata akipiga kampeni. Andika majina ya makundi hayo, kisha mpe daftari mtu anayekufahamu vizuri, mke, mume au rafiki wa siku nyingi, aongeze ulichokiacha. Mara nyingi yeye huona tuliyoyazoea mpaka hatuyaoni tena.

Hatua ya pili: yapime uliyoyapitia

Katika 2 Wakorintho 1, Paulo anasema Mungu hutufariji katika dhiki zetu ili nasi tuweze kuwafariji wengine kwa faraja tuliyoipokea. Kwa hiyo msiba, ugonjwa, talaka, kifungo, ulevi uliouacha, biashara iliyokufa, miaka ya kukosa mtoto, vyote vinaweza kuwa njia ya huduma. Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu sehemu hii hufanya mema makubwa na pia huumiza watu isipofanywa vizuri.

Tazama huzuni ya watu wa ziwa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu kabisa na Mwanza, na baadhi ya waliopotea wamezikwa Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na Ukara. Mbali na hayo yaliyojulikana nchi nzima, kuna mitumbwi inayopotea kimya kimya. Familia iliyompoteza mtu majini bila kupata mwili wake hubeba msiba wa aina ya peke yake: hakuna kaburi la kwenda, na kila mlango ukibishwa mama anashtuka. Mtu aliyeupitia msiba wa namna hiyo na akapata kusimama tena anajua mambo ambayo hayamo katika mafunzo yoyote. Anajua kwamba siku ngumu huanza baada ya matanga kuanuliwa, watu wakisharudi makwao. Anajua kutosema "ni mapenzi ya Mungu" siku ya tatu. Anajua kuja na unga na sabuni, akakaa, akaondoka bila kuhubiri.

Au chukua mjane aliyefuatilia mirathi mwenyewe. Cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili, kikao cha ukoo na muhtasari wake wenye sahihi, kufungua shauri mahakama ya mwanzo, kurudi na kurudi tena hadi kuthibitishwa msimamizi: haya yalimtoa machozi wakati ule. Leo anaweza kumshika mkono mjane mpya na kwenda naye, akamwonyesha dirisha la kuuliza na karatasi ya kutosahau. Kwangu mimi hiyo ni huduma sawa na mahubiri mazuri, na iko karibu sana na agizo la Yakobo la kuwatazama wajane na yatima katika dhiki yao.

Vivyo hivyo mzazi aliyelea mtoto mwenye ualbino katika kanda hii, ambaye anaijua hofu ile ya mtoto kushambuliwa na pia anajua mambo ya kila siku: kofia pana, mikono mirefu, losheni ya kukinga jua, kumwomba mwalimu amkalishe mtoto mbele kwa sababu ya macho. Mzazi kijana aliyejifungua juzi anamhitaji kuliko anavyomhitaji msemaji yeyote wa semina. Naye aliyemeza dawa za VVU miaka mingi, akalea wanawe na kufanya kazi, anaweza kumsindikiza kliniki mtu aliyepokea majibu wiki hii na anayetaka kukimbia.

Sasa kipimo chenyewe. Kabla hujautumia ukurasa huu wa pili, jiulize mambo haya kwa unyofu. Je, unaweza kusimulia habari hiyo bila kumgeuza msikilizaji awe ndiye anayekufariji? Je, unaweza kumsikiliza mtu mwenye habari inayofanana na yako mpaka mwisho, bila kumkatiza useme "hata mimi"? Je, wanaotajwa ndani ya habari hiyo watabaki na heshima yao? Ushuhuda wa mume aliyeacha pombe unamhusu na mke aliyepigwa; bila ridhaa yake usiupandishe madhabahuni. Hali ya afya ya mtu mwingine, hasa VVU, haisemwi kabisa, na Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inailinda siri hiyo. Hata sala ya hadharani ya kumtaja mgonjwa na ugonjwa wake ni kuifichua.

Kama jeraha bado linavuja, lipe muda. Kupokea huduma nako ni sehemu ya kukaa katika mwili wa Kristo, na hakuna aliyekupangia tarehe.

Hatua ya tatu: tafuta hitaji moja, la mtu mwenye uso

Watu wengi hukwama hapa kwa kuanza na jina la huduma, mhuri na fulana. Anza na mtu. Zungukia jumuiya yako au mtaa wako ukiwa na daftari lako kichwani, uangalie ni wapi ukurasa wako mmoja unakutana na shida moja. Mzee ambaye mlango wake hautaki kufunga. Mtoto wa darasa la nne asiyejua kusoma. Mama anayeshindwa kujua kama genge lake linampa faida au linamla.

Kwa anayetaka kuwahudumia wavuvi, mfumo wa kazi yao lazima uujue, la sivyo utachoka bure. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta juu ya maji. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina nguvu, na kambi nyingi za dagaa hupumzika siku hizo za mbalamwezi. Ndipo watu hushona nyavu, hufua, hulewa, hugombana, huenda kwao. Ukipanga mkutano wa injili au darasa la kusoma wakati wa giza, utawakuta wamelala mchana na wako majini usiku. Ukipanga ibada saa tatu asubuhi, utamhubiria mpishi wa kambi. Angalia mwezi kabla ya kutangaza tarehe. Wavuvi wa sangara nao wana mpangilio wao, kwa hiyo ongea na nahodha wa pale unapokwenda.

Ukifika kambini, iwe Ukerewe, Kome au kisiwa kidogo, nenda na kile ulichokiandika ukurasa wa kwanza. Fundi injini akae na vijana awaonyeshe namna ya kusafisha plagi, na katika mazungumzo hayohayo aseme juu ya kutojaza mtumbwi kupita kiasi na kuvaa vifaa vya kujiokolea. Mwalimu afundishe hesabu kwa mfano wa ndoo za dagaa na mgawo wa tajiri na wavuvi, maana kijana anayejua kupiga hesabu hiyo hadhulumiwi kirahisi. Muuguzi aeleze kichocho: kwamba vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini na kuingia kupitia ngozi ya anayeoga au kufua ziwani, kwamba dawa ipo kituo cha afya, na kwamba kujisaidia ziwani ndiko kunakoendeleza mzunguko. Sala itakuja, na watu wataiomba wenyewe. Nimeona mara nyingi kwamba mvuvi humsikiliza kwa makini zaidi mtu aliyekwisha kushika kitu chake kilichoharibika.

Hatua ya nne: zungumza na viongozi wako

Kila kanisa lina mlango wake. Kwa Wakatoliki, anza na mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo, naye atakufikisha kigango na parokia. Kwa Walutheri, mzee wa kanisa wa eneo lako, kisha mwinjilisti na mchungaji wa usharika. AICT (Africa Inland Church Tanzania) na Wasabato wana wazee na idara zao. Makanisa ya Kipentekoste mengi yana viongozi wa seli. Usiruke ngazi hata kama mchungaji ni shemeji yako.

Nenda ukiwa na maneno machache: utafanya nini, kwa ajili ya nani, siku gani, kwa muda gani wa majaribio, na nani atakuwa pamoja nawe. Kwa mfano: "Mzee, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani. Naomba miezi mitatu, kila Jumamosi alasiri, nirekebishe sare za shule za watoto wa familia zisizojiweza hapa mtaani kwetu. Mama wa jirani yangu atakuwa nami. Uzi ninao, naomba mnisaidie kujua familia zipi." Ombi kama hilo ni gumu kukataliwa, kwa sababu halina bajeti wala halimtishi mtu.

Wakikuambia usubiri, subiri kwa yale yanayohitaji jina la kanisa, fedha ya kanisa, au watoto. Kumfulia jirani mgonjwa hakuhitaji kibali cha kikao.

Hatua ya tano: anza kidogo, na mwenzako

Yesu aliwatuma wawili wawili. Fanya hivyo, kwa usalama na kwa ajili ya moyo wako pia. Chagua siku moja isiyobadilika, maana watu wenye shida wamezoea kuahidiwa na kuachwa. Bora mara moja kwa mwezi kwa uhakika kuliko kila wiki kwa maneno.

Baada ya muda wa majaribio, kaeni wawili mpime. Je, mliowahudumia wamewatafuta tena bila kukumbushwa? Je, kuna kitu mlikifanya kwa kuwa kinawapendeza ninyi, huku wao wakihitaji kingine? Na nyumbani kwako je, watoto wanasemaje? Huduma inayomla mke au mume haijapangwa vizuri, ipunguzeni.

Mipaka ya kushika bila kulegeza

Fedha: isikae mfukoni mwa mtu mmoja. Iandikwe, ihesabiwe na wawili, itolewe stakabadhi. Mkianzisha kikundi cha kuweka na kukopeshana, kisajilini kupitia halmashauri, kwa kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavihusu na vikundi hivyo.

Watoto: mtu mzima asibaki peke yake na mtoto mahali pa faragha, hata akiwa mwalimu wa miaka mingi. Ukiona dalili za mtoto kudhulumiwa, usimalize suala kifamilia wala kikanisa. Ofisa ustawi wa jamii yupo, dawati la jinsia la polisi lipo, na namba 116 hupigwa bure.

Afya: mwombee mgonjwa, msindikize hospitali, na usimwambie kamwe aache dawa.

Malipo: hapa nasema kwa uchungu. Mafundi wengi wa kanisani wamechoka kwa sababu kila mshirika anataka bei ya undugu, na wengine hawalipi kabisa kwa jina la Bwana. Mtenda kazi astahili ujira wake. Fundi, tenga wazi: kiasi hiki cha muda wangu ni sadaka, na nimechagua mwenyewe nani wa kumpa, kazi nyingine zote ni biashara inayolisha wanangu. Nawe mwenye kazi, mlipe ndugu yako kikamilifu, na kwa wakati.

Hatua ya sita: fundisha mwingine mapema

Kutoka 35 inaongeza jambo kuhusu Bezaleli: yeye na Oholiabu walipewa pia moyo wa kufundisha. Usingoje uzee. Watu wa ziwa huhama. Kambi hufungwa, mtumishi wa serikali hupata uhamisho, binti huolewa Geita. Tangu mwezi wa kwanza, mchukue kijana mmoja akae kando yako, kwanza atazame, kisha afanye nawe akiwepo, kisha afanye peke yake nawe ukae kimya. Mwache afanye kwa namna yake. Andika kwenye lile daftari hatua za kazi, majina ya maofisa wanaosaidia na familia mnazozitembelea, bila siri zao za afya, ili siku usipokuwepo asianze upya.

Kwa mzee wa kanisa au mwenyekiti wa jumuiya

Kwenye fomu ya kumpokea mshirika mpya, mnapouliza jina, mtaa na kama amebatizwa, ongezeni nafasi tatu: unafanya kazi gani, unajua lugha zipi, na uko tayari kumsaidia mtu wa hali gani. Swali la mwisho aruhusiwe kuliacha wazi au kulijibu faraghani. Kisha mteueni mtu mmoja mwenye kutunza siri ashike fomu hizo, na kila mwezi kabla ya kikao azipitie akiwa na orodha ya wagonjwa, wafiwa na wageni wa mtaa, akiwaunganisha wawili wawili.